Nguo Niliyoichora kwa Maji

Mnaniambia nikae. Kila anayeingia nyumbani kwangu hapa Kengeja, akishanisalimia tu neno lake la pili ni hilo: kaa, Bi Mgeni, pumzika. Mwanangu Hamadi kaninunulia kiti chenye mto, akakiweka barazani, na kila siku anakisogeza palipo na kivuli kana kwamba kiti ndicho kinachoumwa. Mie nakaa, nanyanyuka, nakwenda mpaka migombani, narudi, nakaa tena. Macho yameniharibikia, nimeshakubali. Mikono ndiyo haikubali. Nikiiweka mapajani inaanza kukunja upindo wa kanga yangu yenyewe, inaukunjua, inaukunja.

Basi nyinyi vijana mnaokuja na simu zenu kuniuliza habari za nguo za kuchora kwa mgomba, nitakuambieni, ila msinitake nianze mwanzo nifuate mpaka mwisho. Haya nayasema kwa mdomo, na anayeandika ni Time, mke wa Hamadi. Nimemwambia asinipambe. Sababu yake mtaijua.

Kila mtoto wa Pemba ameshakemewa kwa kuingia migombani na nguo ya Idi. Utomvu wa mgomba ukikudondokea huuoni, ni maji matupu. Unakwenda zako ukicheza, unarudi, mama anaifua ile nguo, na hapo ndipo doa linapojitokeza, la kahawia, na haliondoki mpaka nguo ichakae iwe tambara la jikoni. Watu wote waliiona hiyo hasara. Mie nikiwa msichana nikajiuliza: kama doa hili haliondoki kwa sabuni wala kwa jua, mbona tunahangaika na rangi za dukani zinazochuja kwa mfuo wa kwanza?

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Magauni, mitandio, mikoba, kofia za watoto, vitambaa vya kufunikia sinia, vyote nimevishona nyumbani kwa cherehani ya mkono na vyote nimevichora kwa utomvu. Unakata kikonyo cha mkungu asubuhi, umande ungalipo, unakinga bakuli. Utumie siku ile ile, maana ukilala unageuka kamasi na hauchoreki. Mie napenda wa mkono wa tembo, unakolea kuliko wa ndizi ya kisukari, na wenzangu wakinibishia huwaambia walete vitambaa vyao tufue pamoja. Kalamu yako ni chelewa, ule uti wa ukuti tunaofanyia fagio, umeitafuna ncha mpaka ikatoa nyuzi. Ukimaliza kuchora unaanika, kisha unafua kwa sabuni ya mche, na ukitaka rangi ikolee unatia maji ya jivu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi wenu mnapokimbia. Wakati unachora, huoni unachochora. Utomvu unakauka nyuma ya mkono wako na kitambaa kinabaki cheupe kama ulivyokikuta. Mtu mgeni na kazi hii anababaika, anarudia palepale mara mbili, au anaruka. Kazi hii si ya macho, ni ya kidole gumba cha kushoto. Kile kinakaa pale mstari ulipoishia, hakiondoki mpaka mkono wa kulia urudi na chelewa iliyochovywa upya. Mkiwa na kidole gumba kisichotulia, nendeni mkauze vocha.

Aliyenifundisha kutulia ni Bi Zuwena wa Konde. Ndoa yangu ya kwanza niliolewa kule, na yeye alikuwa jirani yetu. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu yasiyo na mwisho. Alipofika yeye kilichobaki ni nyumba yenye vyumba vingi mno, cherehani, na mdomo. Utomvu hakuwahi kuugusa, akiuita uchafu. Yeye alikuwa fundi wa kofia na kanzu. Lakini nilipompelekea mtandio wangu wa kwanza aliutandaza juu ya kitanda, akauzunguka, akaniuliza mbele ya wageni wake:

"Mgeni, hino umechora weye au kuku kapita?"

Nililia mpaka nyumbani. Kesho yake nikarudi, maana palikuwa hapana mwengine wa kumwendea. Akanifundisha kukunja. Unakikunja kitambaa, unapitisha ukucha kwa nguvu, unakilalia chini ya godoro. Ukikikunjua, mikunjo ile inasomeka kwa vidole. Ua moja kila palipokutana mikunjo miwili, basi huwezi kupotea hata ukifungwa kitambaa usoni. Alinikosoa mpaka nikahama Konde, na siku ya kuagana aliniambia bado maua yangu yana vichwa vikubwa.

Makosa? Mengi, na mengine yanachekesha sasa. Kitambaa kizuri kwa utomvu ni bafta, pamba tupu, nyeupe. Lakini nyote mnajua bafta kwetu inanunuliwa hasa kwa sanda. Siku moja nilinunua kipande kirefu dukani, nikatoka mbio maana utomvu ulikuwa unaningoja, sikumwambia mtu kitu. Kufika nyumbani nakuta wanawake wamekwishakaa ukumbini wameinamisha vichwa, mmoja anauliza maiti anazikwa saa ngapi. Mume wangu akatoka chumbani kajifunga msuli, mzima wa afya, na wao wakamtazama kwa hasira kama kawafanyia hila. Tangu siku ile nikienda kununua bafta, kabla sijataja kitambaa, nataja kwanza kwamba nyumbani wote wazima.

Nilijaribu weusi pia. Nilichoka na kahawia, moyo wangu hautulii na kitu kimoja. Nikaloweka misumari mibovu kwenye maji ya ukwaju mpaka ikatoa kutu, nikapitisha yale maji juu ya mchoro wa utomvu. Weusi ulitoka, wanangu, weusi wa kung'aa! Nikamshonea mwalimu wa chuo cha Kurani gauni, akalipenda, akalivaa. Baada ya muda alikuwa anainama kuokota msahafu wa mtoto, gauni likachanika kufuata mchoro, jani kwa jani. Kutu inakula pamba. Maji ya kutu yawe mepesi kama chai ya mgonjwa, na ufue mara moja, usiyaache yalale.

Na siku hizi kuna balaa la tetroni, nyuzi za plastiki. Mnauziwa kitambaa mnaambiwa pamba. Chomoeni uzi mmoja mkauchome. Ukinuka karatasi na kuacha jivu, nunueni. Ukijikunja ukawa gololi ngumu, mrudishieni mwenyewe, utomvu unateleza juu yake na mtachora mchana kutwa mkavuna hewa.

Haya. Macho.

Ni presha ya macho. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni hiki: naona mlango, naona mtu amesimama mlangoni, kama ni mnene au mwembamba. Rangi ya kahawia juu ya kitambaa cheupe, hapana. Hamadi akaichukua cherehani akaiweka kwake, eti nisijidunge. Nikamwambia chukua, kushona kunataka macho, lakini kuchora hakujawahi kuyataka. Akacheka kwa adabu. Nikaendelea kuchora, nikimpelekea Time ashone.

Na kila nilichochora kilisifiwa. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Zamani nikitoa mitandio kumi, miwili watu huisema, mmoja unarudi. Sasa hakuna kinachosemwa. Namuuliza binti yangu Saumu, "Vipi hili?" na kabla sijamaliza kuuliza, "Maashallah, mama, maashallah." Jibu linakuja upesi mno. Mtu anayeangalia nguo kweli hunyamaza kwanza.

Ningevumilia, lakini palikuwa na gauni la Nasra.

Nasra ni binti wa Saumu, mjukuu wangu wa kwanza, na harusi yake ilikuwa imekaribia. Nilimwahidi tangu mdogo kwamba gauni la kutokea mbele ya wakwe nitamchorea mimi, na niliposema macho yasinizuie, nyumba nzima iliitikia ndiyo. Alileta kitambaa mwenyewe, pamba laini ya kisasa, inateleza mkononi. Kiliniudhi tangu mwanzo. Nilikikunja, nikapitisha ukucha, nikakilalia, na kila nikikikunjua mikunjo imekufa, vidole havipati pa kushika. Nikachora hivyo hivyo, nikitegemea mazoea. Time akashona, Saumu akalifua, Nasra akalijaribu. Wote wakasema limependeza. Likakunjwa likatiwa sandukuni.

Nikawa silali vyema. Upande wa bwana harusi ni watu wengi, wanawake wenye macho makali, na mjukuu wangu atasimamishwa katikati yao ageuke huku na huku. Kama gauni lile ni bovu, watalicheka, na atachekwa nalo hali kalivaa kwa ajili yangu. Nilimuuliza Nasra, nikamuuliza tena. "Zuri, bibi." Nikamuuliza Hamadi, ambaye hajui ua na jani. "Nkono wako ni ule ule, mama." Nilikuwa nazunguka uani nikijiuliza nani katika nyumba hii ataniambia kweli, na simpati. Hawakuwa waongo. Walilelewa vizuri, nami ndiye niliyewalea.

Basi asubuhi moja nilitandaza kitambaa cheupe cha marekani barazani, nikakaa kwenye kile kiti cha Hamadi kwa mara ya kwanza bila kulalamika, nikachovya chelewa kwenye bakuli, nikachora. Nilichora kwa makini, kidole gumba mahali pake, ua kwa ua, mpaka adhuhuri. Saumu akapita, akasema maashallah. Nikakianika, nikakifua mwenyewe, kilipokauka nikawaita wote nikakishika mbele yao kwa mikono miwili.

Kwenye lile bakuli mlikuwa na maji ya mtungini.

"Haya, semeni," nikawaambia.

Saumu alitangulia. "Mama, hiki kimekaa vyema kuliko vyote. Hasa hilo ua la katikati."

"Hamadi?"

"Kazi safi, mama." Nilisikia simu yake ikilia mkononi, sidhani hata alinyanyua uso.

"Nasra, mwanangu?"

"Zuri, bibi. Rangi yake imepoa tu, haisemi sana."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuwarushia kile kitambaa. Pembeni alikuwepo Time. Yeye ni wa Kojani, aliingia nyumbani kwetu bado msichana, na katika miaka yote hiyo hajanijibu neno ila "lebeka" na "ndiyo, mama". Mke wa mwana hambishii mama mkwe, hayo hayafundishwi, yanajulikana.

"Time, weye waonaje?"

Akanyamaza. Akasogea, nikauona weusi wa buibui lake mbele yangu, akakishika kitambaa, akakigeuza upande wa pili.

"Niwie radhi, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Mie hino naiona nyeupe."

"Time!" Saumu akamkemea. "Ndivyo unavyomjibu mama?"

"Muache," nikasema. "Ni maji. Nimechora kwa maji."

Hamadi akatoka nje, eti kuna mtu anamwita. Saumu akaanza kulia, akiniambia mama tulikuwa hatutaki kukuvunja moyo, nami nikamwambia moyo wangu mzima, mnaoniambia nina kazi nzuri kwa kitambaa kitupu ndio mnaonizika na bafta yangu mkononi. Nilisema kwa ukali. Nilikuwa na uchungu, sitaki kuficha. Miaka yote ile nimekosolewa nikalia nikarudia, na sasa wamenifanya mtoto anayechora ardhini kwa kijiti.

Kisha nikamshika Time mkono. "Kalete gauni la Nasra."

Akasita. "Mama…"

"Kalete."

Alirudi nalo, nikamwambia alitandaze kitandani kwangu, alizunguke, na aseme. Mie nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nimeshika kanga yangu.

"Hapa kifuani," akaanza, "hapa, mama, hakuna ntu wa kukushinda. Maua yamepangana."

"Sikukuita unisifu."

"Sikusifu. Ndivyo yalivyo." Akashusha pumzi. "Nkono wa kulia umechorwa mara mbili, yamepandana. Huno wa kushoto mweupe, hamna kitu."

"Endelea."

"Chini yamekwenda upogo. Yanashuka, yanashuka, mpaka yakaanguka nje ya upindo. Na nyuma…"

"Nyuma kuna nini?"

"Kuna kiganja. Chako, mama, vidole vyote vitano. Ulijiinua ukakitegemea kitambaa, nkono una utomvu."

"Wapi?"

"Mgongoni," akasema Time. "Chini kidogo."

Wanangu, nilitegemea nitaumia. Niliumia, lakini kilichokuja kwanza kilikuwa kingine. Mwili mzima ulitulia. Kwa mara ya kwanza tangu macho yaanze kwenda nilijua mkono wangu unafika wapi. Sehemu ndogo, ya upana wa mapaja, naiweza kama zamani. Nguo kubwa inayoteleza, nimepotea. Basi! Hilo si msiba, ni kipimo. Mikoba naiweza. Kofia naziweza. Kola, pembe za mtandio, vitambaa vya sinia. Nikaanza kumwambia Time palepale kwamba kifua kile tutakikata, tufanye mkoba wa kushika mkononi na ukanda wa mtandio, naye akawa anapima kwa shubiri na kuniambia hapa ndiyo, hapa hapana, mama, hapa pamepinda.

Nasra akaingia. Alikuwa kasimama nje ya pazia muda wote, nilikiona kivuli chake.

"Hulivai hili," nikamwambia.

"Nalivaa, bibi. Mie nalipenda."

"Nasra. Hulivai. Utavaa lile jengine uliloliona mjini ukanyamaza usinambie, ukadhani sijui. Time atakushonea mkoba wangu, uushike. Hilo gauni nimelifuta."

Akasema hapana, akasema nimeshaamua, akasema watu waseme wanavyotaka. Lakini kabla ya maneno hayo yote, pale pale nilipotamka hulivai, niliisikia pumzi aliyoishusha. Ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Siku ngapi alikuwa kaibana ile pumzi kwa ajili yangu! Nikafunua mikono, akaja akakaa miguuni pangu, akaweka kichwa gotini, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Nikamsikiliza vizuri. Alikuwa anacheka, kajiziba mdomo.

"Nini?"

"Hakuna, bibi."

"Nasra, leo katika nyumba hii hakuna hakuna."

"Hicho kiganja," akasema, na kicheko kikampotezea maneno, akaanza upya. "Hicho kiganja, bibi, hakipo mgongoni. Aunti Time kaona haya. Kipo makalioni. Kimeenea chote, vidole vimetanuka, kama ntu kanishika nikipita."

Nikamgeukia Time. "Kweli?"

"Kweli, mama," akasema Time, na sauti yake nayo ikakatika.

Tulicheka mpaka kitanda kikalia. Saumu akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, anauliza kulikoni, mama kafanya nini. Nasra akanyanyuka akalishika gauni mgongoni mwake, akamgeukia mama yake amwonyeshe. Kikapita kimya kidogo. Kisha nikamsikia mwanangu Saumu, yule wa maashallah, akipiga makofi ya unga.

"Lahaula, mama! Nguo gani hino! Watu wangedhani nini?"